Maswali ya Wasomaji: Nguo za Mtoto Anayekwenda Kwenye Theluji

Msimu huu tumepokea barua kadhaa za wazazi ambao watoto wao watakwenda, kwa mara ya kwanza maishani, mahali penye theluji. Tumechagua tatu, kwa kuwa kila moja inagusa jambo ambalo nyingine hazikuliuliza.

Swali. Asalaam aleikum, mhariri. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa na huu ni mwaka wangu wa kwanza Minneapolis, katika jimbo la Minnesota. Mwanangu wa kiume ana miaka 9, na mwezi wa Februari darasa lake litakwenda kambini kaskazini mwa jimbo kwa siku tatu, ambako watoto watatembea msituni na kuteleza kwenye theluji. Shule imetuletea orodha ndefu ya vitu ambavyo vingi sivielewi. Nimekwisha kumnunulia jaketi nene kuliko yote yaliyokuwamo dukani, sweta tatu za pamba na jozi kumi za soksi za pamba, na jirani yangu ananiambia kwamba ukiondoa jaketi, vyote havifai. Barua ya shule inasema kwamba watoto watatoka nje maadamu baridi haijashuka chini ya sifuri, nami nikaona si baridi ya kutisha. Je, nimruhusu aende? Na akienda, nimfungie nini?
*Mama wa watoto wawili, Minneapolis*

Jibu. Waaleikum salaam, dada yangu. Mruhusu aende, kwa sababu mtoto anayeishi Minnesota na kuifahamu theluji kwa kuitazama dirishani tu atauona msimu wa baridi kuwa kifungo cha miezi mitano, na mwenzake aliyefundishwa kuivalia ataingoja kwa hamu.

Hata hivyo, rekebisha kwanza jambo moja kabla hujafungua begi. Sifuri iliyoandikwa kwenye barua ya shule si ile tuliyofundishwa sisi, ambapo maji huanza kuganda. Marekani hupima kwa Fahrenheit, na sifuri yao ni nyuzi 18 za Selsiasi chini ya sifuri yetu. Idara ya hali ya hewa ya huko inaeleza kwamba kukiwa na baridi ya kiasi hicho pamoja na upepo wa kilomita 24 kwa saa, mwili huhisi kana kwamba ni nyuzi 28 chini ya sifuri, na ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 30. Sikwambii haya ili ughairi. Nakwambia ili ujue kwamba walioandika orodha ile hawakutia chumvi, na kwamba kila kitu kilichomo kina kazi yake.

Jirani yako amesema kweli kuhusu pamba, nami nitakueleza nilivyojifunza. Msimu wa kwanza wa baridi niliokaa ughaibuni, nilimvalisha mwanangu wa kwanza fulana mbili za pamba, suruali ya jinzi, na soksi mbili mbili ndani ya buti iliyomtosha barabara, nikaamini kwamba nimemhifadhi. Alicheza nje kwa muda usiozidi saa moja. Aliporudi, jinzi ilikuwa imekakamaa kwa barafu ikasimama kama ubao kuanzia magotini kwenda chini, fulana iliyogusa mgongo ilikuwa imelowa jasho chapachapa, na nilipomvua soksi niliona vidole vya miguu vimepauka na kuwa na rangi ya majivu. Hakuwa akilia. Aliniambia tu kwamba vidole havisikii kitu. Tulimpasha joto polepole, na Mwenyezi Mungu akatujalia vikarudi salama, lakini tangu siku hiyo sijamfungia mtoto yeyote nguo ya pamba kwa safari ya theluji.

Kilichomdhuru hakikuwa uchache wa nguo. Pamba hunywa maji na kuyashika, na nguo iliyolowa haihifadhi tena joto, kwani ile hewa iliyotulia kati ya nyuzi zake, ambayo ndiyo iliyokuwa ikimpasha mtoto joto, imekwisha kufukuzwa na maji. Mtoto anayekimbia juu ya theluji hutoka jasho kama anavyotoka jasho akicheza mpira Makadara, na mara anaposimama kumngoja mwenzake, jasho hilo humgeukia. Kwa hiyo, mama anayefunga begi la theluji anapigana na maji, yale yanayotoka mwilini na yale yanayotoka nje, na uzito wa nguo hufuata baadaye.

Mvalishe tabaka tatu. Ya kwanza, inayogusa ngozi, iwe fulana ya mikono mirefu na suruali ya ndani ya kubana, za sufu laini ya merino au za poliesta, na soma kitambulisho kilichoshonwa ndani ya ukosi kabla ya kulipa, maana maduka mengi huuza nguo za ndani zenye picha za theluji ambazo ni pamba tupu. Ya pili iwe sweta ya sufu au ya flisi, yaani kile kitambaa laini chenye manyoya mafupi, nyepesi na yenye zipu mbele ili aweze kuifungua akiona joto. Ya tatu ni jaketi na suruali ya theluji ambazo hazipitishi maji wala upepo. Jaketi nene ulilokwisha kulinunua linaweza kumfaa ikiwa kitambaa chake cha nje kinazuia maji, ila ukilitumia hilo, sweta ya kati iwe nyembamba, kwa kuwa mtoto aliyevikwa nguo nzito tupu atalowa jasho kabla hajaumaliza mlima wa kwanza. Kuhusu suruali ya theluji, chagua yenye kamba za mabegani, kwa sababu theluji huingilia kiunoni mtoto anapoanguka, na hakikisha kwamba ndani ya kila mguu mna pindo la pili lenye mpira, ambalo huvutwa juu ya buti ili theluji isipenye. Mjaribishe kuifungua peke yake, tena kwa haraka, ili aweze kwenda chooni bila ya kumtafuta mwalimu.

Ukiwa na fedha kidogo, usizimalizie kwenye jaketi, bali weka sehemu kubwa kwenye miguu. Buti iwe na nafasi ya vidole kuchezacheza hata baada ya kuvaa soksi moja nene ya sufu, na ya pili isiongezwe, kwa sababu soksi mbili ndani ya buti inayobana huzuia damu kufika vidoleni, na hilo ndilo lililompata mwanangu. Buti nyingi za theluji zina buti nyingine laini ndani yake inayochomoleka. Mwonyeshe jinsi ya kuichomoa kila jioni na kuiacha wazi ikauke, kwani mguu hutoka jasho kutwa nzima, na buti isiyokaushwa usiku huanza siku ya pili ikiwa baridi tangu asubuhi. Mfungie magazeti makavu machache ya kujaza ndani ya buti yavute unyevu, na umkataze kuiweka karibu sana na moto au hita, maana gundi na mpira huharibika.

Glavu zinazofaa ni zile za mfuko, ambazo vidole vinne hukaa pamoja na kidole gumba hukaa peke yake, kwa sababu vidole vilivyo pamoja hupeana joto. Zisiwe za kufumwa tu, maana hizo hunasa theluji na kulowa mara moja, na kwa siku tatu mfungie jozi tatu, kwani jozi iliyolowa asubuhi haitakuwa imekauka mchana. Boshori lifunike masikio yote. Badala ya skafu ya kuning'inia, mnunulie ile nguo ya shingoni iliyoshonwa kama bomba, ambayo hupandishwa hadi puani na haiwezi kunaswa kwenye chombo chochote.

Fungasha kwa siku, usifungashe kwa aina ya nguo. Chukua mifuko mitatu ya plastiki yenye kufunga kwa zipu, na kila mmoja uutie nguo za ndani za siku moja, soksi zake na chupi yake, uandike juu yake siku husika. Ongeza mfuko mkubwa mtupu wa nguo zilizolowa, ili zisilowanishe zile kavu. Nguo za kulalia ziwe peke yake, wala asilale na nguo za mchana hata kama anaziona kavu, kwa kuwa zimebeba jasho. Andika jina lake kwenye kila kitu, hata kila glavu, kwani kwenye chumba cha kukaushia nguo za darasa zima utakuta glavu nyeusi zinazofanana kama punje za mtama.

Kwa kuwa anasali, mkumbushe kwamba baada ya kutawadha aikaushe miguu yake vizuri, hasa katikati ya vidole, kabla ya kurudisha soksi. Suala la kupangusa juu ya soksi au buti muulize sheikh wenu kabla ya safari, mtoto aondoke akijua afanyeje.

Liko jambo jingine ambalo orodha ya shule haitakwambia. Miongozo mingi inasema kwamba ngozi inayoanza kuganda huwa nyekundu kisha nyeupe, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani kwa urahisi. Mfundishe mwanao kutegemea anavyohisi, yaani kuchomachoma kisha ganzi, na umwambie kwamba sehemu ikipauka na kuwa ya kijivu, au ikiwa ngumu kama nta, aende ndani papo hapo na kumwambia mwalimu. Isisuguliwe, na hasa isisuguliwe kwa theluji kama wazee wengine wanavyoshauri. Kidole kilichoganda hupashwa kwa maji ya vuguvugu ya nyuzi 37 hadi 39, si ya moto, maana mtoto asiyehisi ataungua bila kujua, na kikibaki na ganzi au kikatoka malengelenge, apelekwe kwa daktari. Mafuta ya kujipaka, ambayo sisi mama wa Pwani hatumtoi mtoto nje bila ya kumpaka, huzuia midomo na mashavu yasipasuke, lakini hayazuii ngozi kuganda, hivyo usiyahesabu kuwa kinga.

Baada ya kukamilisha vyote hivi, Jumamosi moja kabla ya safari, mwache avae mwenyewe tangu nguo ya ndani hadi glavu, wewe ukiwa umekaa unatazama tu, kwani mwalimu mwenye watoto ishirini na kitu hawezi kumfunga kila mmoja zipu. Kisha tokeni nje mcheze saa nzima. Mkirudi, ingiza mkono wako chini ya nguo zake, umguse mgongoni. Ukikuta pamelowa, punguza tabaka la kati. Ukikuta pa baridi lakini pakavu, liongeze.

Swali. Mheshimiwa mhariri, mimi ni mkazi wa Dar es Salaam. Mwezi wa Desemba mke wangu na mimi tutawapeleka watoto wetu, wa miaka 4 na 7, kwa shangazi yao anayeishi Oslo, Norwei, kwa wiki mbili. Je, tununue nguo zote hapa mitumbani, au tungoje kufika? Tunahofia gharama.
*Baba wa watoto wawili, Tabata*

Jibu. Ndugu yangu, gawanya ununuzi. Jaketi na suruali za theluji zinapatikana kwenye marobota ya mitumba kwa bei nafuu, kwa sababu nguo hizo hutoka nchi za baridi na wateja wake huku si wengi. Ukienda kwenye masoko ya Karume au Ilala, nenda na chupa ya maji. Dondosha tone juu ya bega la jaketi na lingine kwenye goti la suruali, uhesabu hadi sitini. Tone likibaki mviringo na kuteleza, kitambaa bado kina nguvu. Likisambaa na kuacha doa jeusi, mwachie muuzaji nguo yake hata akipunguza bei. Fungua na kufunga kila zipu, na ukikuta kamba ndefu ya kukazia kofia shingoni, ichomoe kabisa. Kamba hizo zimewahi kuwanyonga watoto zilipokwama kwenye bembea na kwenye milango ya magari, na mwaka 2011 Marekani ilitoa kanuni inayozihesabu kuwa hatari kwenye nguo za watoto, lakini robota la mitumba linaweza kuwa na nguo za kabla ya hapo.

Nguo za ndani za sufu na soksi mwombe shangazi yao awanunulie kabla hamjafika, akipewa vipimo, kwani Norwei ni nchi ambayo watoto wa chekechea hucheza nje karibu kila siku ya mwaka, na sufu ya watoto ni bidhaa ya kawaida madukani. Sleji, ski na viatu vya kutelezea msinunue kabisa. Huko kuna mtandao wa vituo uitwao BUA, ambao huazimisha vifaa vya michezo na vya matembezi bila malipo, na shangazi anaweza kuulizia kituo kilicho karibu naye. Kwa huyo wa miaka 4, suti moja inayounganisha jaketi na suruali ni bora kuliko vipande viwili, kwa kuwa atatumia muda mwingi ameketi chini.

Msitie nguo zote za baridi kwenye mzigo unaopakiwa chini ya ndege. Kila mtoto awe na seti moja kamili kwenye begi la mkononi, pamoja na boshori na glavu, ili mzigo ukichelewa asitoke uwanjani na kaptula ya Dar. Wavalisheni ndege inapokaribia kutua, si mapema, ili wasitoke jasho.

Hapo uwanjani ndipo penye jambo ambalo ningependa ulishike kuliko yote niliyokuandikia. Norwei, mtoto aliye chini ya sentimita 135 lazima akae kwenye kiti cha watoto kilichoidhinishwa, na mzazi anayetoka kwenye baridi humfunga mikanda akiwa na jaketi lake nene. Usifanye hivyo. Gari likigongana, jaketi hilo husinyaa kwa mara moja, mikanda hubaki imelegea, na mtoto anaweza kuchomoka kitini. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kimelikataza jambo hili kwa maneno ya wazi. Mvue jaketi, mfunge mikanda juu ya sweta mpaka usiweze kuufinya mkanda kwa vidole viwili kwenye bega, kisha mfunike kwa jaketi lilelile au kwa blanketi juu ya mikanda.

Mwisho, Desemba jua la Oslo huchomoza baada ya saa 3 asubuhi na kuzama kiasi cha saa 9 alasiri, kwa hiyo watoto watatembea barabarani gizani wakiwa na nguo za rangi nzito. Dereva mwenye taa hafifu humwona mtu asiye na kiakisi mwanga akiwa umbali wa mita 25 hadi 30 tu, na aliye nacho humwona kutoka mita zipatazo 140. Vining'inizo hivyo vya kuakisi mwanga ni vya bei ndogo sana, na kila mtoto wa huko anavyo. Wanao wavae viwili, kimoja kila upande.

Swali. Binti yangu ana miaka 12 na anavaa hijabu. Mjomba wake anataka kumpandisha Kilimanjaro wakati wa likizo. Amekodi mabuti na jaketi Moshi, nasi tunadhani yametosha. Tusahihishe tafadhali.
*Mama, Tanga*

Jibu. Umri wake unakubalika, kwa kuwa kanuni ya hifadhi inamtaka mtoto awe ametimiza miaka 10 ndipo aruhusiwe kwenda kileleni. Ninachokiona mimi ni kwamba mnaiandalia theluji ya juu na kuisahau mvua ya chini. Siku ya kwanza hupita kwenye msitu mnene ambao unyevu wake hauishi, na mtoto akilowa pale, hubeba unyevu huo kwenda nao kwenye baridi. Hivyo jaketi la kukodi lipimwe kwa tone la maji kama nilivyomweleza baba wa Tabata, begi lake lifungwe mfuko imara wa plastiki kwa ndani, na nguo za usiku wa kilele, yaani za ndani za sufu, soksi nene na glavu, zisifunguliwe hata kidogo mpaka wafike kambi ya mwisho, iliyo juu ya mita 4,600.

Mabuti ya kukodi yachukuliwe siku mbili kabla, ayatembelee. Hijabu iwe ya poliesta nyepesi au ile ya michezo inayovutwa kichwani bila pini, isiyo na mkunjo mzito shingoni, na boshori likae juu yake. Nywele zisukwe mistari iliyolala, kwa kuwa mafundo makubwa huliinua boshori na kuyaacha masikio wazi. Awe na miwani ya jua inayofunika pembeni, kwani theluji hurudisha hadi asilimia 80 ya miale ya jua inayounguza, na miale yenyewe huongezeka kwa kiasi cha asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Macho meusi hayana kinga ya pekee dhidi yake.

Wapandaji huondoka kambi ya mwisho usiku wa manane, na saa zile maji ya kunywa huganda. Mfungie chupa yenye mdomo mpana badala ya mfuko wa maji wenye mrija, maana mrija huziba kwanza. Ivikwe soksi nene ya sufu, na iwekwe begini kichwa chini, kwa sababu barafu huanzia juu, na chupa ikiwa imegeuzwa barafu hiyo itakaa upande wa kitako. Mjomba amkumbushe kunywa kila wanaposimama, na amwulize jina lake, la mamaye na la shule yake. Akijibu kwa ulimi mzito au akianza kupepesuka, wateremke hapohapo, hata kama kilele kinaonekana.